Unga Mweusi na Turbini Mbili za Pompe

Ninyi mnaobaki pale fonderi, karakana yetu ya kuyeyusha na kumimina vyuma, mliniomba, siku nilipovua ovaroli kwa mara ya mwisho, niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza nakuta kwamba jambo nililotaka kuwaeleza mimi mwenyewe sijalielewa. Sasa nimeamua kuliandika hivyo hivyo, bila kulielewa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Niliingia kazini nikiwa na diplome ya mekanike, ufundi wa mashini. Shuleni nilikuwa msichana peke yangu katika seksyo ile ya masomo, na kwenye atelye, yaani karakanani, ikawa vivyo hivyo. Siku ya kwanza mkubwa wa atelye alinipa ndoo nikachote maji ya chai, na kesho yake akanipa ndoo ile ile. Nadhani ningeendelea kuchota hadi leo kama Papa Ramazani, fundi wa kuyeyusha, hangeniita nyuma penye tanuru na kunitia mkononi mchanga wa kalibu, ule tunaofinyangia umbo la kitu kabla ya kumimina chuma.

“Fumbata,” akasema. Nikafumbata. “Fungua. Sasa vunja katikati.”

Tonge likavunjika, likaacha kingo safi kama za mkate.

“Huu muchanga iko muzuri. Ikimwagika, tupa. Ikinata ku vidole, iko na maji mingi, na maji na chuma ya moto havisikilizane.”

Akanionyesha miguu yake. Yote miwili ilikuwa na makovu meupe, yale ya siku ambayo mtu mwingine hakufumbata mchanga vizuri. Tangu hapo sikuchota tena maji ya chai. Papa Ramazani alikuwa amejifunza kazi katika karakana za reli huko kusini mwa ziwa, na alikuwa na tabia moja ambayo nawaomba muikumbuke: hakutupa kipande chochote cha chuma. Pistoni zilizokufa, masufuria yaliyotoboka, mabaki tunayokata pembeni ya kitu kilichomiminwa, vyote vilirudi ndani ya chungu cha kuyeyushia. Chombo changu mimi kilikuwa kijiko cha mezani kilichopinda. Kwa kijiko hicho nililainisha kona za kalibu miaka yangu yote, na bado naona ni bora kuliko vile vya kununuliwa.

Tulimimina helisi za kusukumia mitumbwi ya wavuvi, vifuniko vya mashini za kusagia muhogo, na vitu ambavyo wenyewe hawakuweza kutueleza ni vya nini. Vita vilikuja, vikaenda, vikarudi na majina mengine. Kila vilipokuja tulifunga mlango, na vilipoenda tuliufungua na kuhesabu vilivyobaki. Sitawasimulia vita. Ninyi pia mliviona, na kama mna mtu anayeweza kueleza nani alikuwa akipigana na nani katika mwezi gani, mleteni aje anieleze na mimi.

Katika kimoja cha vipindi hivyo ndipo alipofika Enjenyeri Rukundo.

Alikuwa mtoto wa Bijombo, huko juu kwenye malisho, kwa watu wa ng'ombe. Alisoma sekondari hapa Uvira, kisha akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akakaa huko miaka mingi akichunguza vyuma. Alirudi kumzika baba yake. Alipotaka kuondoka, njia zikawa zimefungwa, na ndege hakuna. Basi alikuja kwenye atelye yetu kwa sababu alisikia kuna tanuru, kama vile mtu mwingine angeenda kanisani. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuomba radhi hata akipisha mlango. Mkononi alibeba kopo la plastiki lililofungwa kwa utepe.

“Ndani kuna nini?” nikamuuliza.

“Mirija ya kaboni,” akasema. “Mama Riziki, hii mirija ni midogo kiasi kwamba unywele wako mmoja, ukilala kando yake, ni kama gogo la mvule kando ya uzi. Lakini ina nguvu kupita chuma cha pua. Ukiweza kuiingiza ndani ya alumini, ikatawanyika vizuri, alumini inakuwa kitu kingine.”

Nikaangalia ndani. Nikaona masizi.

“Ni kama matofali ya udongo,” akaendelea. “Unachanganya udongo na majani makavu, si ndiyo? Majani yanashika udongo usipasuke. Mirija hii ndiyo majani.”

Hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Papa Ramazani yeye alinusa kopo, akalirudisha.

Huenda tungeliacha kopo lile likae kwenye rafu, kama si pompe. Kulikuwa na kituo cha afya upande wa kaskazini mwa mji, na kolera, yaani kipindupindu, ilikuwa imeingia. Wagonjwa walilala hadi nje chini ya maturubai. Maji ya kituo yalisukumwa na pompe moja, na ndani ya pompe kuna gurudumu lenye mabawa, tunaloliita turbini, linalozunguka na kuyatupa maji juu. Mvua ilikuwa imeshusha mchanga mwingi ziwani. Mchanga ulikula mabawa ya turbini hadi yakabaki visiki. Turbini mpya ingetoka Bujumbura, lakini mpaka ulikuwa umefungwa. Tulimimina moja ya alumini ya kawaida, ikaliwa haraka. Tukamimina nyingine, nayo ikaliwa. Muuguzi mkuu, mama mmoja mkimya aitwaye Mwamini, alikuwa akituletea zile zilizochakaa akiwa amezifunga kwenye kitenge kama mtoto aliyekufa.

“Mutufanyie kitu,” aliniambia siku moja. “Minye sijue chuma. Nasema tu, leo tumewanawisha watu kwa maji ya ziwa, ile ile iliyowagonjesha.”

Enjenyeri Rukundo alikuwa amekaa hapo. Akalitazama kopo lake.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Tuliyeyusha pistoni, tukaondoa takataka juu, akanyunyiza unga wake. Unga ukaelea. Tulikoroga, ukaelea. Tulisukuma chini kwa chuma, ukapanda upande wa pili, kama maharage yaliyooza ukiyatia ndani ya maji. Baadaye ukaanza kuwaka taratibu, mwekundu pembeni, na Rukundo akawa anaangalia kazi ya miaka yake ikigeuka moshi.

“Alumini haiipendi kaboni,” akasema. “Inaikataa.”

Jaribio la pili alifunga unga ndani ya karatasi ya alumini, akauzamisha, na tukachochea moto sana ili uingie vizuri. Safari hii uliingia. Tulifurahi. Turbini ilitoka nzuri, inang'aa, lakini nilipoiwekea tupa bawa lilikatika kama biskuti. Tukaacha kipande ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi kilikuwa kimefanya unga wa kijivu juu yake, na maji yalitoa mapovu. Rukundo alieleza kwamba moto mkali mno unaifanya alumini iile mirija, nayo igeuke kitu cha tatu, ambacho si alumini wala kaboni, na ambacho kinaogopa maji. Nilijiuliza tunafanyaje turbini ya pompe kwa kitu kinachoogopa maji.

Kwa hiyo tukawa na jambo lisiloingia kwa moto mdogo, na likiingia kwa moto mkubwa linaharibika. Kwa siku kadhaa kila mtu alitembea akiongea peke yake.

Njia iliyofuata aliifikiria Rukundo, na mikono ikawa yetu sote. Tulisaga alumini kwa tupa hadi ikawa unga. Tuliutia unga huo pamoja na mirija ndani ya pipa dogo la chuma, na gololi tulizotoa ndani ya rulma, yaani beringi, za kamio. Tukafunga pipa kabisa, tukalifunga kwenye mkanda wa mashini ya kusagia muhogo ya jirani, likazunguka likipiga kelele ya kutisha. Gololi ziligonga na kugonga, zikiiponda mirija ndani ya chembe za alumini kama unavyoponda pilipili ndani ya chumvi. Alituonya tusifungue pipa likiwa la moto, kwa sababu alumini laini hivyo ikikutana na hewa ghafla inaweza kuwaka. Pia alitufunga vitambaa puani. Alisema unga ule ukiingia kifuani hautoki. Ninyi vijana mnaocheka vitambaa, mimi bado napumua vizuri.

Unga uliotoka tuliubana kwa kriki ya kamio, jeki ya kuinulia lori, hadi ukawa vidonge vizito. Tukayeyusha alumini, tukaiacha ipoe kidogo hadi ikawa kama uji unaoanza kuganda, si maji tena na bado si jiwe. Katika uji huo tukatia vidonge na kipande kidogo cha manyeziamu, metali nyepesi, kutoka ganda la msumeno wa mashini. Rukundo alisema manyeziamu itazipatanisha hizo mbili. Tulikoroga hadi mabega yakawaka. Kisha tukamimina, na kabla haijaganda tukaibana kwa kriki ile ile.

Siku hiyo tulimimina turbini mbili. Moja ilikuwa na unga mweusi, na nyingine alumini tupu, iliyobanwa vilevile. Rukundo alitaka zilinganishwe. Zilipopoa alizichanganya akiwa peke yake, akaandika herufi kwa chaki chini ya kila moja, A na B, akakataa kutuambia ipi ni ipi.

“Nikiwaambia, mutaanza kuipenda moja,” akasema akitabasamu. “Mutaifunga vizuri zaidi.”

Kesho yake risasi zilianza upande wa Makobola, kusini mwa mji, na kufikia adhuhuri zilikuwa mjini.

Siwezi kuwaambia nani aliingia na nani alitoka. Kilichokuwa wazi ni kwamba kwenye mtaa wetu walipita watu wakiuliza nyumba za watu wa juu, wa milimani, watu wa kwao Rukundo, na hawakuuliza ili wawasalimie. Jirani aliyekuwa akinywa chai na Rukundo wiki yote alifunga dirisha lake alipomwona. Mimi jirani huyo nilimfahamu tangu utoto. Alikuwa mtu mwema kabla ya siku ile, na akawa mwema tena baadaye, na sijui nimweke wapi.

Rukundo alikuwa amekaa sakafuni kando ya tanuru. “Sijafanya kitu,” alikuwa akirudia. “Mama Riziki, nimefanya nini?”

  Papa Ramazani alichukua ovaroli yake ya zamani akamrushia, akatia mkono kwenye makaa ya jana, akaanza kumpaka masizi usoni, shingoni, masikioni, bila haraka. Kisha akajipaka mwenyewe, akanigeukia mimi. Tulipomaliza, tulikuwa mafundi watatu weusi tititi wa fonderi, wenye macho tu. Tukachukua chungu cha kuyeyushia na mti wake wa kubebea, tukatoka kuelekea Kavimvira, upande wa mpaka, mchana kweupe. Mimi nilibeba mfuko wa vyombo.

Sikujua kwamba kopo lilikuwa ndani ya chungu, chini ya makaa. Rukundo aliliweka humo tulipogeuza mgongo.

Baryeri, kizuizi cha barabarani, ilikuwa kamba iliyovutwa kati ya nguzo na pikipiki iliyolala. Vijana watatu wenye bunduki walikuwa kivulini. Nguo zao hazikunieleza ni wa upande gani, na sikuuliza.

“Munatoka wapi?” akauliza mkubwa wao.

“Ku fonderi,” Papa Ramazani akajibu. “Tunaenda kutengeneza pompe ya kituo cha afya. Imekufa.”

“Na huyu njo nani?”

“Mufundi.”

“Minye nauliza yeye.”

“Minye ni mufundi wa pompe,” Rukundo akasema. Alisema vizuri, kama mtu wa Uvira, na kwa kweli alikuwa mtu wa Uvira. 

Kijana akamkaribia, akamtazama pua, akamtazama paji la uso. “Weye, nawa uso.”

Hakuna aliyesogea.  Nikajisikia nikisema, bila kufikiri, kwa sauti ya mama aliyechoka:

“Atanawa na nini, mwanangu? Maji iko wapi? Si njo pompe tunaenda kutafuta?”

Akanigeukia. Kisha akatazama bidoni yao ya njano ya maji, iliyolala pale chini, tupu, haina kifuniko. Mdomo wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Sidhani kama nilimshinda kwa akili. Nadhani alikuwa na kiu tu.

Hapo mwenzake, aliyekuwa akichokora chungu, akamwinulia mkubwa wake kopo. “Chef, hii iko nini? Baruti?”

“Masizi,” Papa Ramazani akasema. “Tunapaka mu kalibu, chuma isinate.”

“Mbona mumeficha masizi?”

Swali lilikuwa la haki.  Na Rukundo, ambaye hakujua kusema uongo hata kwa faida yake, akasema polepole, “Iko kaboni.”

“Kaboni njo nini?”

“Ni masizi,” nikadakia. “Kwa Kifaransa.”

Mkubwa akafungua kopo, akachovya kidole, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Unga haukutoka.  Nadhani aliona kwamba watu watatu wasiosema kitu kimoja lazima wana kitu cha thamani.

“Kopo inabakia,” akasema. “Watu wapite.”

Mkono wa Rukundo ukanyooka kuelekea kopo. Uliinuka wenyewe, kama mkono wa mtu anayeona mtoto anaanguka. Papa Ramazani akaushusha kwa wake, akausukumiza kwenye mti wa chungu, na tukapita chini ya kamba.

Karibu na mpaka kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa ndakala, dagaa wa ziwani, ambaye Papa Ramazani alimfahamu, na mama huyo alijua ni wapi watu walikuwa wakivuka. Rukundo alivua ovaroli, akaikunja vizuri sana, mikono ndani, kama shati la harusi, akanipa. Nilitarajia neno la kuagana. Alinishika bega, akasema, “Mkikoroga, musikoroge haraka. Haraka inaingiza hewa.” Akaenda. Sisi tukabaki tumeshika chungu kisicho na kitu. Papa Ramazani alisema tuendelee kwenye kituo cha afya, kwa sababu tulikwisha kusema tunakwenda huko.

Turbini zenyewe zilikuwa zimebaki atelye. Tuliporudi tulikuta mlango umevunjwa, rafu zimeangushwa, na vyombo vya maana vimekwenda. Turbini zilikuwa sakafuni pamoja na mchanga wa kalibu. Hakuna aliyezitaka. Zilikuwa zimeviringika na kusuguliwa, na chaki ilikuwa imefutika yote. Nilizigeuza. Nilizipima mkononi. Nilizigonga kwa ufunguo na kusikiliza. Zilikuwa mapacha.

Tuliisafisha moja kwa tupa kwa sababu umeme wa turu, mashini ya kukerezea chuma, haukuwepo, tukaifunga. Maji yakatoka. Mwamini, muuguzi mkuu, alisimama kando ya bomba na kitenge chake begani, akatia mikono ndani ya maji akaiacha humo. Tulisubiri turbini iliwe kama zile za kwanza. Haikuliwa. Kolera ilipungua, mvua zikaisha, zikarudi, nayo ilikuwa bado inazunguka. Basi tukasema: hii ndiyo ile yenye unga. Ilipochakaa hatimaye tukafunga ya pili, tukiwa tumeshajiandaa kumimina nyingine haraka. Ya pili nayo ikadumu karibu sawa. Papa Ramazani alikuna kichwa, akasema labda ni kule kubana kwa kriki. Mimi nikasema labda mchanga umepungua ziwani. Mzee huyo alikufa katika miaka iliyofuata, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake, tukiwa bado tunabishana.

Rukundo alipiga simu baada ya miaka mingi, wakati simu zilikuwa zimeshafika kwa kila mtu. Alikuwa anafundisha mbali, nchi ya baridi. Baada ya salamu aliuliza turbini. Nilimwambia habari ya chaki. Akaomba nimtumie kipande cha kila moja, na nikavituma kwa wasafiri, kutoka mkono hadi mkono. Alivichunguza kwa mashini yake ya kuonea vitu vidogo. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea barabarani.

“Mama Riziki, zote mbili zina mirija.”

“Zote?”

“Zote. Moja ina mingi, nyingine michache. Na imeshikamana vibaya, mafungu mafungu. Kwa hesabu zangu ile yenye mingi ilipaswa kupasuka mapema. Na ile nyingine haikupaswa kuwa nayo kabisa.”

Nikawaza chungu kimoja tulichotumia mara mbili siku ile. Nikawaza mabaki tuliyokata pembeni ya turbini ya kwanza, na Papa Ramazani asiyetupa chochote. Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema inawezekana, akasema pia haielezi yote. Tukakubaliana kwamba hatujui kama ni mirija, au kriki, au manyeziamu, au mvua. Vijana wenzangu, mkiulizwa, semeni hivyo. Msiseme tulifaulu, na msiseme tulishindwa.

 Kabla ya kukata simu Rukundo akauliza jambo ambalo kumbe hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

“Na wale wagonjwa? Maji yaliwafikia?”

“Yaliwafikia,” nikasema. “Walikunywa. Walioga. Mwamini alifua hata mashuka.”

Nikasikia sauti upande wake, ama anakohoa, ama analia. Mtandao ulikuwa mbaya, na sikujua ni lipi, kwa hiyo nilibaki nimeshika simu sikioni, nikisubiri amalize.